Wanyama Waendao Sokoni: Namna ya Kubuni Mchezo wa Ubao wa Kukisia kwa Watoto

Katika mchezo wa ubao wa kukisia, wachezaji wawili huketi wakitazamana, kila mmoja akiwa na ubao wenye picha 24 zilezile. Kila mmoja huchota kadi moja ya siri, kisha huulizana kwa zamu maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana tu, na baada ya kila jibu muulizaji hulaza picha zisizohusika mpaka ibaki moja. Mchezo wa aina hii unaojulikana zaidi duniani, Guess Who?, ulibuniwa na Ora na Theo Coster na kuingia madukani mwaka 1979. Watoto wetu hawahitaji maelezo marefu kuuelewa, kwa kuwa aliyezoea kuitikia “Tega!” anajua tayari kwamba kuna kitu kimefichwa na kwamba njia ya kukifikia ni maneno.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi, mwalimu au fundi wa hapa Moshi, au wa kwa jirani zetu Arusha, anayetaka kutengeneza ubao wa namna hiyo wenye wanyama wa kwetu. Mimi nimetengeneza mbao tatu hadi sasa. Wa kwanza ulipendeza machoni lakini haukuchezeka. Wa pili ulichezeka vizuri ukaharibiwa na masika. Wa tatu ndio ulio mezani nyumbani. Nitakaa zaidi kwenye picha na maswali kuliko kwenye mbao na gundi, kwa sababu ubora wa mchezo huu hupatikana au hupotea huko, ingawa wengi wetu, nami nikiwamo, huanza kwa kushika msumeno.

Kuchagua wanyama

Orodha yangu ni hii: tembo, kifaru, kiboko, nyati, twiga, pundamilia, nyumbu, pofu, swala pala, digidigi, simba, chui, duma, fisi, ngiri, nyani, mbega, mbuni, heroe, tai, kanga, mamba, kobe na kinyonga. Wote wanapatikana kaskazini mwa Tanzania, na wengi wao mtoto anaweza kuwahusisha na mahali anapopasikia: tembo wa Tarangire, kifaru wa Kreta ya Ngorongoro, heroe wa maziwa ya Momella, mbega wa misitu ya Meru na Kilimanjaro. Hata hivyo umaarufu wa mnyama usiwe kigezo cha kwanza. Kigezo cha kwanza ni kwamba mtoto akiitazama picha aweze kusema jambo kuhusu mnyama huyo bila kuhitaji kujua lolote zaidi ya anachokiona.

Kanuni hiyo huondoa maswali mengi ambayo mtu mzima angeyadhania kuwa mazuri. “Je, ni mkubwa?” halifai, kwa kuwa kwenye kadi digidigi na kiboko wamechorwa kwa kimo kimoja. “Je, anaishi majini?” huleta ugomvi juu ya kiboko, ambaye hushinda majini mchana na usiku hutoka kwenda kula majani nchi kavu. “Je, anataga mayai?” lilinitia aibu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimemchora kinyonga wa Mlima Meru, yule ambaye dume lake lina pembe tatu usoni, na jike la kinyonga huyo halitagi, bali huzaa watoto. Maswali ya maarifa yana nafasi yake kwa watoto wa darasa la tano na kuendelea. Kwa wa miaka mitano hadi minane, jibu lote liwe kwenye picha.

Jedwali kabla ya penseli ya rangi

Kabla ya kuchora chochote, chukua karatasi ya miraba kutoka daftari la hesabu, uandike wanyama 24 kwenda chini na sifa zinazoonekana kwenda kulia, kisha utie alama kila palipo na “ndiyo”. Kazi hii huchukua jioni moja, nayo huonyesha makosa ambayo macho hayayaoni mpaka watoto wameanza kulalamika.

Ubao wangu wa kwanza ulikuwa na sifa kumi na mbili, nami nilijivunia. Nilipokuja kuzipanga kwenye jedwali nikakuta kwamba “ana mabawa”, “ana miguu miwili” na “ana mdomo wa ndege” zilikuwa na alama kwa wanyama walewale wanne: mbuni, heroe, tai na kanga. Hayo hayakuwa maswali matatu, yalikuwa swali moja lililovaa nguo tatu. Mtoto aliyejibiwa hapana kwa la kwanza alipoteza zamu mbili zaidi akiuliza yaliyobaki, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwamba majibu ameshayapata.

Kasoro ya pili ni sifa iliyo kwa mnyama mmoja tu. Milia iko kwa pundamilia peke yake, kwa hiyo anayeuliza “Je, ana milia?” ni kama aliyetaja jina la mnyama kabla ya wakati. Hesabu yake ni rahisi. Ukiwa na wanyama 24, sifa iliyo kwa mnyama 1 hubakiza kwa wastani wanyama 22 baada ya jibu. Iliyo kwa 5 hubakiza 16. Iliyo kwa 8 hubakiza 13 na ushei. Iliyo kwa 12 hubakiza 12. Utaona kwamba kutoka 1 hadi 8 faida ni kubwa sana, na kutoka 8 hadi 12 ni ndogo. Hivyo si lazima kila sifa igawe ubao katikati, na kwa maoni yangu haifai. Sifa zote zikigawa nusu kwa nusu, wanyama 24 huwa 12, kisha 6, kisha 3, na kila mchezo huisha kwenye swali la nne au la tano bila mtoto kuwaza lolote, kwa sababu swali lolote ni zuri sawa na jingine. Utamu upo katika kuchagua. Weka sifa moja ya 12, kadhaa za kati ya 6 na 10, na chache za 4 au 5 kwa mwenye kupenda kubahatisha.

Mgawanyo huu una uzito mwingine pia. Toleo la awali la mchezo wa akina Coster lilikuwa na sura za watu 24, na wanawake kati yao walikuwa 5 tu. Aliyechota mwanamke alikuwa akianza mchezo akiwa nyuma, kwa kuwa swali moja la mpinzani lilimwachia sura 5 za kuchagua. Ikiwa unatengeneza ubao wa watu badala ya wanyama, tuseme wachuuzi, makondakta, walimu na wauguzi, gawa wanaume na wanawake nusu kwa nusu. Huo ndio mgawanyo wa 12 ninaopendekeza kwa ubao wa aina hiyo.

Maumbile peke yake hayatoshi

Wanyama hawakuumbwa kwa ajili ya jedwali letu. Ukihesabu sifa za maumbile katika orodha yangu, pembe ziko kwa 8, madoa au mabaka kwa 5 (twiga, chui, duma, fisi na kanga), mabawa kwa 4, na baada ya hapo unabaki na vitu vya mmoja mmoja kama mkonga na gamba. Ndiyo maana ubao wangu wa pili na wa tatu umewavisha wanyama nguo na kuwapeleka sokoni. Mtoto wa Moshi anaweza kuwawazia wakielekea Kiboriloni, na wa Arusha akawawazia Kilombero. Wanyama 12 wamevaa viatu, 10 kofia, 9 wameketi wakisubiri gari, 8 wamebeba kikapu, 7 wana mwavuli, na 6 wamejitanda shuka jekundu.

Faida yake ni kwamba vitu hivi unavigawa wewe, si maumbile, kwa hiyo unaweza kuhakikisha kwamba kofia hazikurundikana kwa ndege na viatu kwa wenye pembe. Wanyama 24 hufanya jozi 276, na kila jozi inapaswa kutofautiana kwa sifa mbili au zaidi, ili mtoto akikosea kusoma moja bado abaki na nyingine. Kuzikagua zote kwa macho ni kazi ya kuchosha. Kata jedwali lako vipande 24, kila mnyama na ukanda wake wa alama, kisha uvipange kwa viatu, halafu kwa kofia, halafu kwa kikapu. Zinazofanana zitajikuta zimelala karibukaribu, nawe utaziona. Jozi iliyonisumbua zaidi ni chui na duma, kwa kuwa maumbile yamewapa sifa zilezile katika jedwali langu. Mmoja nikamvika viatu nikamnyima kofia, mwingine nikampa kofia na mwavuli, na ugomvi ukaisha.

Sina budi kuongeza kwamba mnyama kanga asivishwe vazi la kanga. Nililiona kuwa jambo la kuchekesha, hasa kwa kuwa husemwa kwamba vazi lilipata jina kutokana na madoa ya ndege huyo, lakini mtoto akiuliza “Je, ana kanga?” meza nzima inasimama.

Maneno yenye maana mbili

Hapa ndipo mchezo ulioigwa kutoka lugha nyingine huvunjika mikononi mwetu. Jumapili moja mpwa wangu wa miaka saba alikuwa ameshika kadi ya tembo, na dada yake akamwuliza, “Ana pembe?” Akaitazama kadi, akatazama dari, kisha akanigeukia: “Anko, pembe za ndovu si pembe?” Sikuwa na jibu la haraka. Magazeti huandika meno ya tembo, wazee husema pembe za ndovu, na mtoto amesikia yote mawili. Ngiri naye ana vitu viwili vilivyopinda vinavyotoka mdomoni, na twiga ana vile vifupi vilivyofunikwa ngozi utosini. Katika maelezo ya mchezo wangu sasa nimeandika kwamba pembe ni kitu kilichochomoza juu ya mdomo, kichwani au puani. Kwa hiyo kifaru, nyati, twiga, nyumbu, pofu, swala pala, digidigi na kinyonga wanazo. Tembo na ngiri hawana. Hao swala pala na digidigi nimewachora madume, kwa sababu majike yao hayana pembe.

Neno la pili la hatari ni manyoya, kwa kuwa Kiswahili hulitumia kwa ndege na kwa simba bila kubagua. Weka “mabawa” badala yake. La tatu ni mdomo: kila mnyama anao. Orodhesha maneno yako yote, umsomee mtoto mmoja mmoja, na umwombe akuonyeshe kwa kidole anachokielewa. Utashangaa ni mara ngapi kidole kitakwenda usikotarajia.

Liko jambo jingine linalohusu maswali ya kukanusha. Mtoto akiuliza “Je, hana kofia?” na mwenzake akajibu “Ndiyo”, mmoja atalielewa kuwa “ndiyo, hana” na mwingine atadhani “ndiyo, anayo”. Piga marufuku swali la kukanusha katika kanuni ya kwanza kabisa, iliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Wanaotaka kubadili mada waangalie pia ngeli. Wanyama wote huchukua “ana”, kwa hiyo swali halifichui chochote. Ukihamia vyombo vya jikoni, mambo hubadilika mara moja: anayejibu “Ndiyo, kina mpini” amekwisha kusema kwamba ni kisu au kitu cha ngeli yake, na anayejibu “una” ametaja mwiko bila kutaja jina. Dawa ni kulazimisha neno moja la kuongoza kila swali: “Je, chombo hicho kina mpini?” kwa vyombo, na “Je, tunda hilo lina kokwa?” kwa matunda, kisha jibu liwe “ndiyo” au “hapana” bila nyongeza. Kwa watoto wadogo kanuni hiyo ni ngumu kuishika, nami kwa sababu hiyo pekee ningewaanzisha na wanyama.

Mchoro

Picha nzuri ya ukutani inaweza kuwa picha mbovu ya mchezo. Nilifikiria kumpa kazi mchoraji wa Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968 na ambao Arusha unauzwa kila mahali penye watalii. Nilipoketi na sampuli kadhaa nikaona tatizo: wachoraji wengi wa mtindo huo huujaza mwili wa mnyama nukta za rangi, awe tembo au ndege, hivyo swali la madoa lingejibiwa ndiyo kwa karibu wote. Atakayeutumia aagize waziwazi kwamba nukta ziwekwe kwa wale watano tu.

Kila kitu kinachoulizika kionekane kwa mtoto aliye umbali wa nusu mita, kwa mstari mnene na bila kufichwa. Viatu visizame kwenye nyasi; kikapu kisiwe nyuma ya mgongo. Usitegemee rangi peke yake, hasa nyekundu na kijani, kwa kuwa wapo watoto wasioweza kuzitofautisha, na wengi wao ni wavulana kwa sababu kasoro hiyo hurithiwa kupitia kromosomu ya X. Shuka jekundu katika ubao wangu lina miraba mikubwa, ili mtoto asiyeiona rangi aione miraba.

Kuchapa, kukata na ubao wenyewe

Kadi za milimita 45 kwa 65 hukaa 16 kwenye karatasi moja ya A4, nne kwenda upande na nne kwenda chini. Unahitaji kadi 72, yaani 24 kwa kila ubao na 24 za siri, kwa hiyo karatasi tano zinatosha na zinabaki nafasi nane. Nafasi hizo zijaze nakala za wanyama wanaopendwa zaidi, ambao ndio hupotea kwanza. Kwetu ni simba. Acha milimita tatu za rangi tupu kuzunguka kila picha. Steshenari niliyoitumia mara ya kwanza ilikata karatasi zote kwa pamoja, na nyumbu wangu akarudi bila ncha za pembe.

Ubao wa pili niliuchapa kwa printa ya wino wa maji, na ulipofika mwezi wa Aprili, kwa unyevu wa masika na mikono ya watoto waliotoka kunawa, rangi ya heroe ilihamia kwa mamba. Chapa kwa printa ya leza kwenye karatasi ngumu, kisha laminesheni. Kata pembe za kadi ziwe za mviringo (hapa tena pembe, za namna nyingine), kwa sababu plastiki yenye ncha huchoma.

Kwa ubao, ubapa wa saipresi wa sentimita 32 kwa 30 na unene wa sentimita 2 unatosha. Mwombe seremala apitishe msumeno mara nne, kila mfereji uwe na kina cha milimita 8, ukilalia nyuma kidogo ili kadi iegemee badala ya kutikisika, na mfereji hadi mfereji pawe na sentimita 7. Bawaba za kulazia picha, kama zile za michezo ya plastiki, usihangaike nazo. Mtoto huchomoa kadi na kuilaza, na mkono wake hufurahia kazi hiyo. Piga msasa hata upande wa chini, upake vanishi, uache ikauke kabisa kabla ya kuwapa. Ikiwa nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu, usiongeze vikete au punje za kuhesabia alama, kwa kuwa kitu chembamba kuliko sentimita 3 huweza kumkaba.

Kanuni moja nimeiazima kwenye vitendawili: anayetaja mnyama akakosea hutozwa mji. Hutoa mji autakao, mwenzake akaenda kuutembelea kwa sentensi mbili tatu, kisha mchezo unaendelea. Watoto wa kwetu hutoa Dodoma kila mara, sijui kwa nini.

Jaribio

Waketishe watoto wawili, wape ubao, ueleze kanuni mara moja, halafu unyamaze kwa michezo minne. Andika kila swali linaloulizwa, hata la ovyo. Swali ambalo haliulizwi kabisa katika michezo minne lina kasoro kwenye picha, mara nyingi kwa sababu kitu hicho hakionekani; mwavuli wangu wa kwanza ulikuwa umekunjwa, na hakuna aliyejua kuwa ni mwavuli. Swali linalozua ubishi lina kasoro kwenye neno. Swali ambalo hukulipanga nalo lipeleke kwenye jedwali uone linagawaje.

Katika jaribio la mwisho binti wa jirani alikaa kimya muda mrefu akizitazama kadi zake, kisha akauliza, “Anaenda sokoni au anarudi?” Nikamwambia swali liwe la ndiyo au hapana. Akasema, “Haya, anarudi?” Nilikwenda kutazama michoro yangu upya. Kati ya vikapu vinane, vitano nilikuwa nimevijaza ndizi na mboga bila kuwaza, na vitatu vilikuwa vitupu. Nimeiongeza safu hiyo kwenye jedwali.